Kupima, kukadiria, kuhakiki: jinsi satelaiti zinavyokagua habari za hewa ya juu

Mtu akifungua simu yake hapa Makiso anaweza kusoma kwamba halijoto ya Kisangani ni nyuzi 29 na unyevu wa hewa ni asilimia 78. Namba hizo huandikwa bila kusitasita, kama bei ya sabuni dukani. Hata hivyo, mara nyingi hakuna kipimajoto chochote mjini kilichozitoa. Zimetoka kwenye hesabu ya kompyuta iliyoigawa dunia nzima katika miraba, na mraba mmoja unaweza kumeza Makiso, Mangobo, Kabondo na Lubunga, pamoja na kipande cha mto na cha msitu.

Je, ni nani aliyehakikisha kwamba hesabu hiyo ni ya kweli? Karibu na ardhi jibu ni jepesi: mtu atundike kipimajoto kivulini, alinganishe. Lakini mvua yetu haitengenezwi karibu na ardhi tu. Mawingu ya dhoruba ya ukanda wa ikweta hupanda hadi zaidi ya kilomita 10, na mwenendo wao hutegemea jinsi hewa ya huko juu ilivyo na joto na mvuke. Huko hakuna mti wa kutundikia kipimajoto.

Makala hii inaeleza namna moja ya kukagua habari za huko juu: kutumia mwanga wa infraredi unaopimwa na satelaiti. Somo hili ni la wanafizikia, lakini lina jambo linalotuhusu sisi wa fakulteti ya lugha. Habari za hewa hutufikia kwa vitenzi, na vitenzi vitatu ambavyo huchanganywa kila siku, yaani kupima, kukadiria na kuhakiki, hutaja kazi tatu tofauti kabisa. Asiyezitenganisha hawezi kujua aamini nini.

Puto na umbali

Njia ya zamani ya kujua hali ya hewa ya juu ni radiosondi. Ni kisanduku chepesi kilichofungwa kwenye puto la gesi, chenye vihisi vya halijoto, unyevu na kanieneo ya hewa, pamoja na redio ndogo ya kurusha habari chini. Puto hupanda kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, hufika karibu kilomita 30, hupasuka, na kisanduku huanguka. Vituo vingi duniani hurusha maputo saa 0 na saa 12 za saa ya dunia, ambazo kwa saa ya Kisangani ni saa nane za usiku na saa nane za mchana.

Hapo tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba hewa imepimwa. Kihisi kilikuwa ndani ya hewa hiyo hiyo, kikaguswa nayo.

Shida ni gharama na umbali. Mwaka wa 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikubali mpango wa mtandao wa msingi wa uchunguzi, unaozitaka nchi ziwe na vituo vya maputo visivyoachana zaidi ya kilomita 500 hivi, na kila kituo kirushe puto mara mbili kwa siku. Tuweke kipimo hicho juu ya ramani yetu. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1200. Kutoka Kisangani hadi Nairobi, ambako kituo cha Dagoretti kinajulikana kwa kazi hiyo, ni karibu kilomita 1300. Afrika ya Kati ni miongoni mwa sehemu za nchi kavu zenye vipimo vichache zaidi vya hewa ya juu duniani.

Karibu nasi kuna Yangambi, kilomita 100 hivi kwa kufuata mto. Tangu mwaka wa 2020 kuna mnara wa utafiti wa mita 55 uliosimama msituni, unaopima jinsi miti inavyobadilishana gesi na mvuke na hewa. Ni hazina kubwa. Lakini mita 55 ni kizingiti tu cha nyumba ambayo dari yake iko kilomita 15 juu.

Satelaiti inaona nini hasa

Kila kitu chenye joto hutoa mwanga. Makaa yanapowaka sana tunaona wekundu. Yanapopoa wekundu hupotea, lakini ukiweka mkono karibu bado unasikia joto. Mwanga huo usioonekana, ulio chini ya wekundu, ndio infraredi. Ardhi, mto, majani ya msitu, mawingu na hewa yenyewe vyote vinautoa usiku na mchana.

Hewa haiupitishi wote kwa usawa. Kila gesi hunyonya mawimbi ya urefu wake na kuyatoa tena. Kaboni dioksidi hunyonya sana mawimbi ya karibu mikromita 15. Mvuke wa maji hunyonya sana karibu mikromita 6.3. Kati ya mikromita 10 na 12 hewa huachia mwanga mwingi upite, na sehemu hiyo huitwa dirisha.

Tofauti hizo ndizo zinazoipa satelaiti uwezo wa kuona kwa tabaka. Ikitazama kupitia dirisha, na mbingu ikiwa safi, inapokea mwanga wa karibu na ardhi. Ikitazama katikati kabisa ya wimbi ambalo gesi hunyonya kwa nguvu, mwanga wa ardhi haufiki. Kinachofika ni mwanga wa hewa ya juu sana. Ikitazama pembezoni mwa wimbi hilo, ambako gesi hunyonya kwa kiasi, inapokea mwanga wa tabaka za katikati. Kwa kuchagua mawimbi mengi yaliyo jirani, satelaiti hupata mwanga kutoka kimo hiki na kile.

Kaboni dioksidi husaidia kujua halijoto kwa sababu imeenea hewani karibu sawasawa. Kwa kuwa kiasi chake kinajulikana, mwanga ukibadilika ni halijoto iliyobadilika. Mvuke wa maji hauko hivyo: leo mwingi, kesho haba, hapa mzito, kilomita 50 mbele mwepesi. Kwa hiyo mwanga wa wimbi la mvuke hubeba habari mbili kwa pamoja, ya halijoto na ya unyevu, na lazima ya kwanza ijulikane ili ya pili ipatikane.

Wazo la kutafuta halijoto ya hewa kwa njia hii lilielezwa na Lewis Kaplan mwaka wa 1959, na chombo cha kwanza cha infraredi cha kulijaribu kilirushwa na Marekani katika satelaiti ya Nimbus 3, Aprili 1969. Vyombo vya siku hizi ni vikali zaidi. AIRS, kilichorushwa Mei 2002 katika satelaiti ya Aqua, kina chaneli 2378. IASI cha Ulaya, kilichoanza mwaka wa 2006 katika satelaiti ya MetOp-A, kina chaneli 8461. CrIS cha Marekani kimo katika Suomi NPP tangu 2011 na katika NOAA-20 tangu 2017. Satelaiti za Meteosat, zinazokaa mahali pamoja juu ya ikweta kwa kimo cha karibu kilomita 36,000, zina chaneli chache lakini hutazama Afrika nzima kila baada ya dakika 15 au 10. Julai 2025 Ulaya ilirusha satelaiti mpya ya aina hiyo, MTG-S1, yenye chombo cha kutazama hewa kwa tabaka.

Vyombo hivi hujikagua vyenyewe angani. Kila baada ya muda mfupi kioo hugeuka kutazama kipande cheusi kilichomo ndani, ambacho halijoto yake inajulikana, kisha hugeuka kutazama anga tupu lenye baridi kali. Kwa pointi hizo mbili chombo hupata rula ya kupimia mwanga wa dunia. Ndiyo maana makosa ya mwanga unaopimwa, yakigeuzwa kuwa nyuzi, kwa kawaida hayafiki nusu ya nyuzi moja.

Tuangalie basi kitenzi. Satelaiti imepima nini? Imepima mwanga. Haikupima halijoto ya kilomita nane, wala unyevu wake.

Njia mbili

Kutoka kwenye mwanga huo zinaanza njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwenda kutoka kwenye mwanga hadi kwenye halijoto na unyevu. Mtaalamu anauliza: hewa ya namna gani ingetoa mwanga huu? Jibu si moja. Hewa yenye joto kidogo hapa na mvuke zaidi pale inaweza kutoa mwanga ule ule wa hewa nyingine iliyo tofauti. Ni kama neno “kaa” likisikika peke yake: ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, au ni amri ya kuketi? Sikio halikukosea kulisikia. Ni sauti yenyewe isiyotosha. Tunahitaji muktadha. Mtaalamu naye huleta muktadha wake, yaani maarifa ya awali kuhusu hewa ya mahali na majira hayo, kisha anachagua jibu linalofaa zaidi. Kazi hii ni kukadiria. Ni kazi halali na yenye manufaa makubwa, lakini ndani ya jibu lake mna sehemu iliyotoka kwenye mwanga na sehemu iliyotoka kwenye maarifa ya awali.

Njia ya pili huenda kinyume. Tunachukua habari za halijoto na unyevu tulizo nazo tayari, ziwe zimetoka kwenye puto au kwenye hesabu ya kompyuta, na tunauliza: kama habari hizi ni za kweli, satelaiti ingepaswa kuona mwanga gani? Swali hili lina jibu moja. Sheria za unyonyaji wa mwanga zinajulikana, na programu hukokotoa tabaka kwa tabaka mpaka juu. Halafu tunaweka mwanga uliokokotolewa kando ya mwanga uliopimwa. Zikilingana ndani ya kiasi cha makosa yanayotarajiwa, habari zimepita mtihani. Zisipolingana, kuna kitu cha kuchunguzwa. Kazi hii ndiyo kuhakiki.

Aliyefanya kazi ya tafsiri ataona mara moja kwa nini njia ya pili ina nguvu. Ukitaka kukagua hati iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, na wewe unayo hati asili, hutafuti kwanza tafsiri ya mtu wa tatu ili uzilinganishe tafsiri mbili. Zikitofautiana hutajua ipi imepotoka. Unairudisha tafsiri kwenye Kifaransa na kuilinganisha na maneno ya asili. Hivyo hivyo, ulinganisho wa hewa hufanywa kwa lugha ya satelaiti, ambayo ni mwanga, kwa sababu huko ndiko kwenye ushahidi wa kwanza.

Sisi wa fasihi tumezoea neno uhakiki kwa kazi ya kuchambua riwaya na mashairi. Lakini shina lake ni lile la hakika: kuhakiki ni kutafuta ukweli wa jambo. Wanafizikia hawajatuibia neno. Wanalitumia katika maana yake ya msingi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni ili hatua zionekane. Puto limerushwa mchana na kuleta habari za hewa kuanzia ardhini hadi juu. Tunazipitisha kwenye programu. Kwa chaneli ya mvuke ya mikromita 6.2, ambayo huona zaidi hewa ya kati ya kilomita 6 na 11, programu inasema satelaiti itaona mwanga unaolingana na kelvini 244, yaani nyuzi 29 chini ya sifuri. Namba hii huitwa halijoto ya mng'ao: ni halijoto ya kitu cheusi ambacho kingetoa mwanga sawa na huo. Satelaiti ilipopita iliona kelvini 241.

Tofauti ni nyuzi tatu, na satelaiti ndiyo iliyoona baridi zaidi. Maana yake nini? Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda. Mwanga wenye baridi zaidi kwa nyuzi tatu umetoka juu zaidi kwa karibu nusu kilomita. Na kama mwanga unatoka juu zaidi, ni kwa sababu mvuke mwingi umeziba mwanga wa chini. Kwa hiyo huenda hewa ya juu ilikuwa na unyevu mwingi kuliko puto lilivyosema.

Kiasi gani? Brian Soden na Francis Bretherton walionyesha mwaka wa 1993 uhusiano rahisi kati ya mwanga wa wimbi hili na unyevu wa hewa ya juu. Kwa makadirio, tofauti ya nyuzi moja hubadilisha unyevu huo kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Nyuzi tatu hufika zaidi ya theluthi moja. Kama puto lilisema unyevu ni asilimia 20, satelaiti inadokeza karibu asilimia 28.

Kabla ya kulilaumu puto, maswali matatu lazima yajibiwe. Je, chaneli za kaboni dioksidi zinalingana? Zikilingana, halijoto ni sahihi na shaka inabaki kwenye unyevu. Je, hakukuwa na wingu jembamba la juu? Wingu la namna hiyo ni baridi, na linaweza kujifanya mvuke. Je, tofauti ilitokea mara moja au inajirudia? Tofauti ya siku moja inaweza kuwa ya bahati tu. Tofauti ya upande ule ule kila siku kwa mwezi mzima ni kosa la kudumu, na kosa la kudumu lina sababu.

Yaliyofichuliwa kwa njia hii

Mwaka wa 1996 Brian Soden na John Lanzante walichapisha ulinganisho wa unyevu wa hewa ya juu kati ya satelaiti na maputo ya dunia. Waliona jambo la ajabu: tofauti zilifuata mipaka ya nchi. Mvuke haujui mipaka ya nchi. Sababu ilikuwa vihisi. Katika nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovyeti na China, vihisi vya unyevu vilitengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe, ambao katika baridi ya juu hubadilika polepole mno, na hivyo hewa ilionekana yenye unyevu kupita kiasi. Nchi nyingine zilitumia vihisi vya umeme ambavyo vilielekea kuonyesha ukavu. Kila kituo kikitazamwa peke yake, hakuna aliyeweza kuliona hilo. Ilihitajika jicho moja linalotazama nchi zote kwa rula moja.

Kisa cha pili ni cha ukanda wa joto kama wetu. Radiosondi ya aina ya Vaisala RS92, iliyotumika sana duniani, ilionyesha hewa kavu kuliko ilivyo wakati wa mchana, kwa sababu jua lilikipasha moto kihisi cha unyevu. Vipimo vya Alajuela, Costa Rica, vilivyochapishwa mwaka wa 2007, vilionyesha kosa la karibu asilimia 9 ya unyevu wenyewe karibu na ardhi na karibu asilimia 50 kwenye kimo cha kilomita 15. Safari hii kosa lilinaswa kwa kurusha puto pamoja na chombo kingine chenye usahihi mkubwa. Baada ya hapo kanuni za kusahihisha ziliwekwa.

Visa hivi vinatufundisha kwamba kilichopimwa si lazima kiwe kweli kuliko kilichokadiriwa. Puto lililogusa hewa linaweza kukosea. Satelaiti iliyo mbali inaweza kulisahihisha. Kila shahidi ana udhaifu wake, na kazi ya mhakiki ni kujua udhaifu wa kila mmoja.

Mawingu, saa na msitu

Tukija kwetu, njia hii ina vikwazo vitatu na faida moja.

Kikwazo kikubwa ni wingu. Infraredi haipiti katika wingu zito. Satelaiti huona kilele chake na kuishia hapo. Vyombo kama IASI hutazama duara la kilomita 12 kwa mara moja, na juu ya bonde la Kongo duara la namna hiyo lisilo na wingu hata moja ni adimu. Tukibakiza siku safi tu, tunahakiki siku kavu tu, ilhali siku zinazotuhusu zaidi ni zile za dhoruba. Kwa sababu hiyo wataalamu huongeza vyombo vya mikrowevu, ambavyo hupenya mawingu mengi ingawa huona tabaka kwa ukungu zaidi.

Kikwazo cha pili ni saa. NOAA-20 hupita mnamo saa saba na nusu za mchana kwa saa ya jua, ambayo kwa Kisangani huangukia karibu na saa nane kwa saa ya ukutani, yaani karibu na saa ya puto la mchana. MetOp hupita asubuhi, mnamo saa nne kasoro dakika kumi. Kati ya asubuhi hiyo na saa nane, mbingu ya Kisangani inaweza kuwa imebadilika kabisa.

Kikwazo cha tatu ni mahali. Puto huchukuliwa na upepo, na satelaiti hutazama eneo pana. Vitu viwili vinavyolinganishwa havikuwa pamoja kabisa.

Faida yetu ni msitu. Katika jangwa, mchanga na mawe hutoa infraredi kwa viwango mbalimbali, na hesabu ya mwanga wa ardhini huwa ngumu. Majani mabichi hutoa infraredi karibu kama kitu cheusi kamili, na msitu wa Tshopo umetandaa karibu sawa kwa mamia ya kilomita. Siku mbingu ikiwa safi, ardhi yetu ni rahisi kuikokotolea.

Shahidi asiyejihakiki

Mahali pasipo na maputo, watafiti hutumia uchambuzi upya wa hewa ya zamani. Unaotumiwa sana ni ERA5 wa kituo cha Ulaya cha utabiri, unaotoa hali ya hewa ya dunia kwa kila saa tangu mwaka wa 1940, kwa miraba ya kilomita 31 hivi na tabaka 137. Mwanafunzi wa jiografia akitaka unyevu wa Kisangani wa tarehe yoyote, ataupata humo.

Lakini ERA5 imelishwa mwanga wa satelaiti: AIRS, IASI, CrIS na nyingine. Juu ya bonde letu, ambako maputo ni machache, mwanga huo ni sehemu kubwa ya chakula chake. Mtu akichukua ERA5, akailinganisha na AIRS, akatangaza kwamba zinakubaliana, amefanya kama mwalimu anayesahihisha mtihani kwa kutumia daftari la mwanafunzi yule yule. Ulinganisho wa namna hiyo una faida, kwa mfano kuona mahali ambapo kompyuta hukataa mara kwa mara kufuata satelaiti, lakini si uhakiki huru. Uhakiki huru unahitaji ushahidi ambao haukuingia kwenye hesabu: chombo kilichoachwa nje kwa makusudi, au puto ambalo habari zake hazikutumwa kwenye mfumo.

Hapa ndipo uchache wa maputo unapouma mara mbili. Unatunyima kipimo, na unatunyima pia mhakiki wa makadirio tunayoyategemea badala ya kipimo. Mwaka wa 2013 Richard Washington na wenzake waliuliza waziwazi kama modeli za mvua ya bonde la Kongo zinaweza kuaminiwa, wakati uchunguzi wa kuzihakiki ni haba namna hii. Suala hili si la maktaba tu. Januari 2024, Mto Kongo ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, karibu na mita 6.26 za mwaka wa 1961, na watu wengi wa kando ya mto, hata huku juu, walikimbia maji. Anayetaka kujua kama mvua za namna hiyo zitarudi anahitaji modeli, na modeli inahitaji mhakiki.

Lugha inaingiaje

Kituruki kina viambishi vya kitenzi vinavyoonyesha chanzo cha habari. Geldi husema kwamba alikuja, na msemaji anajua kwa macho yake; gelmiş husema kwamba alikuja, lakini msemaji ameambiwa au ameona dalili tu. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tuna maneno: eti, yaelekea, inaonekana, inasemekana. Tusipoyatia, sentensi yetu inabaki uchi, na msikilizaji huichukua kama jambo lililoshuhudiwa.

Sentensi kama “Satelaiti imepima unyevu wa asilimia 28” haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la chanzo: satelaiti ilipima mwanga, na mtu akakadiria unyevu. Vilevile neno unyevu peke yake halitoshi. Asilimia ya unyevu ni kiasi cha mvuke ukilinganishwa na kile ambacho hewa ingeweza kubeba kwa halijoto ile. Hewa baridi ya kilomita nane yenye asilimia 80 ina mvuke kidogo sana kuliko hewa ya Makiso yenye asilimia 60. Msomaji asipoambiwa hivyo, atadhani huko juu kumelowa kuliko huku chini.

Tunaoandaliwa kuwa watafsiri, walimu na watangazaji tutakutana na taarifa za METTELSAT na za vituo vya nje, nyingi kwa Kifaransa au Kiingereza, na tutatakiwa kuzisema kwa Kiswahili na Lingala. Kanuni tatu zinaweza kutusaidia. Kupima tulitumie pale kihisi kilipokigusa au kukiona kitu chenyewe kinachotajwa. Kukadiria tulitumie pale namba ilipotolewa kwa hesabu kutoka kwenye kitu kingine. Kuhakiki tulitumie pale habari zilipowekwa kando ya ushahidi ambao hazikutokana nao. Na kila taarifa ya hewa itaje chanzo chake kwa neno moja au mawili: kwa puto, kwa satelaiti, kwa modeli. Maneno hayo hayarefushi tangazo hata kwa sekunde tatu, na mkulima wa barabara ya Ituri au mvuvi wa Wagenya atajua uzito wa kile alichoambiwa.